Ugonjwa Sugu wa Kukosa Usingizi: Chanzo, Athari na Tiba Inayowezekana Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, usiku una kazi zake. Unapofika msimu wa kupuliza mikorosho, mkulima huamka kabla ya mapambazuko ili apulize salfa ya unga wakati majani yangali na umande na upepo umetulia. Mazao ya chakula yanapokaribia kukomaa, familia hulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na, katika vijiji vilivyo jirani na mapori, dhidi ya tembo. Baada ya mavuno huja ngoma za jando na unyago, ambazo watu huzikesha. Aliyekosa usingizi kwa sababu hizi amenyimwa nafasi ya kulala, na akiipata nafasi hiyo atalala. Makala haya yanamhusu mtu wa aina nyingine: yule ambaye kitanda anacho, nafasi anayo, mwili umechoka, lakini hugaagaa mpaka majogoo bila kupata hata lepe la usingizi.

Mhudumu wa zahanati anapaswa kutofautisha hali hizi mbili kabla ya jambo lolote. Swali la kumuuliza mgonjwa ni moja: “Ukipewa usiku mzima wa kupumzika, usingizi unakuja?” Anayejibu ndiyo anahitaji kupangiwa muda wa kulala. Anayejibu hapana huenda ana ugonjwa unaohitaji tiba.

Maana ya ugonjwa

Ugonjwa huitwa sugu iwapo mtu anashindwa kupata usingizi, au anazinduka mara kwa mara usiku, au anaamka mapema mno asiweze kulala tena, na hali hiyo ikatokea angalau usiku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Sharti jingine ni kwamba mchana wake uwe umeathirika. Idadi ya saa pekee si kipimo. Mzee anayelala saa 6 na kuamka na nguvu zake si mgonjwa, hata kama kijana wake hulala saa 8. Duniani kote hukadiriwa kuwa mtu mzima 1 katika kila 10 ana tatizo hili, na huwapata zaidi wanawake na wazee.

Namna usingizi unavyokuja

Usingizi huongozwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni deni la usingizi. Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo saa hadi saa. Kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kulala mchana kwa muda mrefu hupunguza deni hilo kabla ya usiku kufika. Kafeini iliyomo katika kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu huzuia adenosini isifanye kazi yake, na sehemu ya kafeini hiyo hubaki mwilini kwa saa nyingi baada ya kinywaji kunywewa.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili, iliyomo ndani ya ubongo, ambayo hurekebishwa kila siku na mwanga. Giza linapoingia, mwili hutoa homoni ya melatonini inayoashiria kuwa usiku umefika. Mwanga wa asubuhi huirudisha saa hiyo mahali pake. Katika jambo hili mkazi wa Kusini ana bahati: Nachingwea na Ruangwa zipo karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na jua la saa moja asubuhi hupatikana bila gharama.

Nguvu hizi mbili zinaweza kuwa timamu na usingizi usije, iwapo mwili umo katika hali ya tahadhari. Moyo huenda mbio, mawazo hayatulii, misuli hukaza. Ni hali ile ile inayomsaidia mlinzi wa shamba asisinzie. Kwa mgonjwa, tahadhari hiyo imehamia kitandani.

Kwa nini tatizo haliondoki

Mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, aligawa sababu za ugonjwa huu katika makundi matatu: zinazomwelekeza mtu kwenye ugonjwa, kama vile maumbile ya kuwa na wasiwasi, zinazouanzisha, kama vile msiba au deni, na zinazouendeleza. Mgawanyo huu una manufaa makubwa katika kueleza yanayotokea vijijini.

Uchukuliwe mfano wa msimu wa korosho wa 2018/2019. Wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa, na mwezi Novemba 2018 Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki na malipo vilichukua muda, na wapo waliosubiri kwa miezi huku ada za shule na madeni vikiwakabili. Kukosa usingizi katika siku kama hizo ni jambo la kawaida kwa binadamu. Wengi hurudia usingizi wao wasiwasi unapoisha. Wapo, hata hivyo, ambao fedha huingia, madeni hulipwa, na usingizi hauji.

Kinachowashika hawa ni mbinu walizozitumia kujitibu. Mtu aliyelala vibaya hupanda kitandani saa mbili usiku ili “afidie”, hulala mchana chini ya mwembe, huangalia simu kila mara kujua ni saa ngapi, na hunywa uraka wa mabibo ili azimie. Kila moja ya mbinu hizi huonekana kuwa na busara, na kila moja huongeza tatizo. Baada ya wiki kadhaa ubongo hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Mgonjwa husinzia akiwa kwenye mkeka sebuleni, lakini akipanda kitandani macho hukodoka. Wasiwasi wa korosho umekwisha. Umebaki wasiwasi wa usingizi wenyewe.

Athari za mchana

Familia huona matokeo kabla ya mhudumu wa afya. Baba aliyekuwa mpole hufoka kwa jambo dogo. Mama hutia chumvi mara mbili katika chungu kimoja. Mwalimu husahau jina la mwanafunzi aliyemfundisha miaka miwili. Dereva wa bodaboda husinzia kwa sekunde chache barabarani, na sekunde hizo zinatosha kusababisha ajali. Panga, shoka na mashine ya kupulizia dawa huwa hatari zaidi mikononi mwa mtu ambaye umakini wake umepungua.

Kwa muda mrefu, tatizo hili huambatana na shinikizo la juu la damu, na humweka mtu katika hatari ya kupata sonona iliyo karibu mara mbili ya ile ya mwenzake anayelala vizuri. Uhusiano huo huenda pande zote mbili: sonona huondoa usingizi, na kukosa usingizi hukaribisha sonona. Ndiyo maana mhudumu hapaswi kusema, “Ni mawazo tu, yatapita.”

Wapo pia wanaosimulia kwamba usiku hukabwa na jinamizi: macho yapo wazi, mwili hausogei, na kuna kitu kimekalia kifua. Wengi hulihusisha tukio hilo na uchawi, na hofu yake huwafanya waogope kulala. Maelezo ya kitabibu ni kwamba katika hatua ya usingizi wa ndoto mwili hulegezwa ili mtu asitende anayoyaota. Mara nyingine ubongo huzinduka kabla ya mwili kufunguliwa. Tukio hilo hupita baada ya sekunde au dakika chache, haliui, na huwatokea zaidi watu wenye usingizi uliovurugika. Mgonjwa aelezwe kwa heshima, bila kuchekwa.

Magonjwa ya kutafuta kwanza

Kabla ya kuanza tiba, mhudumu atafute sababu nyingine. Maumivu ya viungo, pumu, moyo kushindwa kufanya kazi, kiungulia, na upele unaowasha usiku huzuia usingizi. Kukojoa mara nyingi usiku huweza kuashiria kisukari au, kwa mwanamume mzee, kuvimba kwa tezi dume. Mtu anayekoroma kwa nguvu, anayekatika pumzi akiwa amelala na kusinzia mchana kutwa huenda ana ugonjwa wa njia ya hewa kuziba usingizini. Huyu apelekwe hospitali, wala asipewe dawa za usingizi. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI aulizwe dawa anazotumia na saa anayozimeza, kwa kuwa dolutegravir huweza kuwakosesha usingizi baadhi ya watu, na mara nyingi kuimeza asubuhi huwapa nafuu. Asiache dawa hiyo kwa uamuzi wake mwenyewe.

Dawa za usingizi

Diazepamu hulaza, lakini matumizi ya wiki nyingi huufanya mwili uizoee, kisha uidai. Anayeiacha ghafla hukosa usingizi kuliko mwanzo, naye hudhani ugonjwa umezidi. Aliyekwisha kuizoea apunguziwe kidogo kidogo chini ya usimamizi wa daktari. Kwa wazee dawa hii huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Ikichanganywa na pombe huweza kudhoofisha upumuaji. Dawa za mafua na mzio zinazonunuliwa dukani kwa sababu “zinaleta usingizi” si tiba ya ugonjwa huu. Pombe nayo huharakisha kusinzia, kisha huuvunja usingizi katika nusu ya pili ya usiku.

Tiba inayopendekezwa kwanza

Tangu mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kimependekeza tiba ya kubadili fikra na tabia iwe ya kwanza kwa watu wazima wote wenye ugonjwa huu, na miongozo ya Ulaya inasema vivyo hivyo. Wanasaikolojia ni wachache mikoani, lakini jambo hilo lisiwakatishe wahudumu tamaa. Mwaka 2011 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walionyesha kuwa muuguzi aliyefundishwa aliweza kuwatibu wazee kwa mikutano miwili ya ana kwa ana na mazungumzo mawili ya simu. Mwaka 2023 utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu 642 ulionyesha kuwa wauguzi wa vituo vya kawaida wanaweza kutoa sehemu kuu ya tiba hii, nao wagonjwa wakapata nafuu. Hakuna kifaa kinachohitajika isipokuwa daftari.

Hatua zake ni hizi.

Kwanza, kwa wiki moja hadi mbili mgonjwa aandike kila asubuhi alipanda kitandani saa ngapi, anakadiria alilala saa ngapi, na aliamka lini. Asiangalie saa usiku; makadirio yanatosha. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa nyumbani.

Pili, muda wa kitandani ulinganishwe na muda wa usingizi. Tuseme mgonjwa hukaa kitandani tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, yaani saa 10, lakini hulala saa 5 na nusu tu. Apangiwe saa 6: apande kitandani saa tano na nusu usiku, aamke saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, hata Ijumaa, Jumapili na sikukuu. Deni la usingizi litaongezeka na usingizi utakuwa wa mfululizo. Kila wiki, akiwa analala asilimia 85 au zaidi ya muda huo, aongezewe dakika 15 hadi 30 kwa kutangulia kulala. Muda usipunguzwe chini ya saa 5.

Tatu, kitanda kiwe cha usingizi na tendo la ndoa pekee. Asipopata usingizi kwa muda unaokaribia dakika 20, aondoke kitandani na arudi tu kope zinapokuwa nzito. Katika nyumba ya chumba kimoja, kigoda au mkeka kando ya kitanda unatosha. Asitoke nje kukaa barazani, kwa kuwa mbu waenezao malaria huuma usiku. Ajifunike vizuri, na arudipo kitandani ashushe chandarua. Joto la Novemba na Desemba lisiwe sababu ya kukiacha.

Nne, madeni na mipango vishughulikiwe jioni, kabla ya giza. Aandike jambo linalomsumbua na hatua moja atakayoichukua kesho. Kitandani si mahali pa hesabu za mnada.

Wiki mbili za mwanzo ni ngumu, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema, la sivyo ataacha. Katika siku hizo asiendeshe pikipiki akiwa na usingizi wala asipande miti mirefu. Wenye kifafa, wenye maradhi ya akili yanayoambatana na vipindi vya furaha iliyopita kiasi, na madereva wa safari ndefu wasipunguziwe muda wa kulala bila ushauri wa daktari. Katika msimu wa salfa, ratiba ipangwe kufuatana na saa ya kwenda shambani, na saa hiyo hiyo ya kuamka idumishwe hata siku zisizo na kazi.

Mgonjwa anayesema amechoka kuishi, anayesikia sauti, au asiyelala kabisa kwa siku kadhaa huku akijiona ana nguvu zisizo na kikomo, asisubiri daftari. Ndugu zake wamfikishe hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Kwa wengine wote, kituo cha afya kilicho karibu ni mahali pa kuanzia, na mabadiliko ya kwanza yatarajiwe baada ya wiki chache za kufuata ratiba bila kukosa.