Kumbukumbu, Ujifunzaji na Lugha: Mtazamo wa Saikolojia ya Utambuzi

Utangulizi

Usiku wa kuamkia mtihani wa sarufi, si ajabu kumkuta mwanafunzi wa Kiswahili akiwa ameshika jedwali la ngeli, akilirudiarudia kwa sauti ya chini hadi alfajiri. Asubuhi huyaandika aliyoyakariri na pengine akapita vyema. Majuma machache baadaye, akiulizwa kwa nini husemwa 'kifaru amelala' wala si 'kifaru kimelala', hubaki akikuna kichwa. Hali hii haitokani na uvivu wala uzito wa akili. Inatokana na dhana potovu kuhusu jinsi akili inavyofanya kazi. Makala haya yanafafanua maelezo ya saikolojia ya utambuzi kuhusu ujifunzaji, kumbukumbu na lugha, yakitumia mifano ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba akili ya mwanadamu si ghala la kuwekea yaliyosikika. Ni fundi anayejenga.

Lugha: Kuiga au Kujenga?

Katika sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, saikolojia ya Marekani ilitawaliwa na mkabala wa kitabia. Wafuasi wake walishikilia kwamba kinachostahili kuchunguzwa ni tabia inayoonekana tu, yaani kichocheo na itikio lake. Kwa msingi huo, B.F. Skinner alieleza lugha kuwa tabia inayojengeka kwa kutuzwa katika kitabu chake, Verbal Behavior, cha mwaka 1957. Miaka miwili baadaye, yaani 1959, Noam Chomsky aliyapinga vikali maelezo hayo. Alisisitiza kwamba mzungumzaji huzalisha na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, jambo ambalo uigaji pekee hauwezi kulieleza. Mwaka 1967, Ulric Neisser alichapisha kitabu, Cognitive Psychology, kilicholieneza jina la taaluma hii mpya inayochunguza jinsi akili inavyopokea, inavyochakata, inavyohifadhi na inavyotumia maarifa.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Neno 'kitabu' lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo silabi yake ya kwanza si kiambishi bali ina sauti ya mzizi wenyewe. Hata hivyo, Waswahili waliichukulia kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, wakapata wingi 'vitabu'. Maneno ya Kiingereza 'keep left' nayo yalizaa 'kiplefti', na wingi wake ukawa 'viplefti'. Hakuna Mwarabu wala Mwingereza aliyewafundisha Waswahili maumbo hayo ya wingi. Hayakuigwa popote, yalijengwa kwa kanuni iliyokuwa tayari akilini mwa wazungumzaji.

Jean Berko alidhihirisha jambo hilohilo kwa watoto mwaka 1958. Aliwaonyesha picha ya kiumbe cha kubuni, akawaambia kinaitwa 'wug', kisha akawataka wataje wingi wake. Wengi walitoa wingi sahihi kwa kufuata kanuni ya Kiingereza, ilhali hawakuwa wamelisikia neno hilo hapo awali. Kwa mintarafu hii, mtoto asemaye 'kifaru kimelala' hajakosa maarifa. Ameitambua kanuni ya KI-VI, ila hajatambua bado kwamba uhai wa kifaru humpeleka katika upatanisho wa A-WA. Kosa lake ni dirisha la kumwonyesha mwalimu hatua aliyofikia.

Wembamba wa Mlango wa Kumbukumbu

Wanasaikolojia hutofautisha kumbukumbu ya muda mfupi, inayoshikilia yale yanayoshughulikiwa kwa sasa, na kumbukumbu ya muda mrefu, inayohifadhi maarifa kwa miaka. Katika makala maarufu ya mwaka 1956, George Miller alidai kwamba ile ya kwanza hubeba takribani vitu saba, viwili zaidi au pungufu. Mnamo mwaka 2001, Nelson Cowan alikadiria kuwa uwezo huo hukaribia vitu vinne tu. Jambo la msingi ni kwamba 'kitu' hapa si herufi wala silabi. Ni fungu lolote ambalo akili imekwisha kuliunganisha.

Chukua mfano wa neno 'hawakutusomea'. Kwa mgeni asiyejua lugha, hizi ni herufi 13 zisizo na mpangilio, nazo humponyoka mara moja. Kwa mwanafunzi wa sarufi, ni mofimu saba: ha-wa-ku-tu-som-e-a. Kwa mzungumzaji stadi, ni fungu moja lenye maana kamili, na akili yake hubaki na nafasi ya kufuatilia sentensi nzima. Basi, anayeelewa hakupanuliwa mlango. Amejifunza kufunga mizigo yake vizuri zaidi.

Kusahau na Kukumbuka

Mjerumani Hermann Ebbinghaus ndiye aliyeanza kupima usahaulifu kwa majaribio. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima juhudi aliyookoa alipojifunza upya orodha hizo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yalionyesha kwamba baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 ya juhudi ya awali, baada ya siku moja asilimia 34, na baada ya siku 31 asilimia 21. Usahaulifu huenda kasi mwanzoni, kisha hupungua. Aidha, aligundua kwamba marudio 38 yaliyosambazwa katika siku tatu yalifaa sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa siku moja. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Namna ya kurudia nayo ina uzito wake. Mwaka 1972, Fergus Craik na Robert Lockhart walipendekeza kwamba jambo linalochakatwa kwa kuzingatia maana hudumu kuliko lile linalozingatiwa kwa sura au sauti yake tu. Mnamo mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu mara mbili na wale waliokisoma mara moja, kisha wakaandika waliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walitangulia kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya juma moja, mambo yaligeuka: walikumbuka asilimia 42, ilhali wenzao walikumbuka asilimia 56. Bila shaka hiki ndicho kinachomhadaa mwanafunzi anayekesha. Anapolisoma jedwali tena na tena, hulizoea, naye hudhani kulizoea ni kulijua.

Je, kukariri hakuna faida? La hasha. Wasimulizi wa tenzi wamehifadhi beti nyingi vifuani mwao. Hata hivyo, ubeti wa utenzi si orodha tupu. Una vipande vinne, kila kimoja kwa kawaida kikiwa na mizani nane. Vitatu vya kwanza hushirikiana kina, na cha nne hubeba kina cha bahari. David Rubin, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu kumbukumbu katika masimulizi, alieleza kwamba mdundo, kina na taswira hupunguza idadi ya maneno yanayoweza kujaza nafasi fulani. Msimulizi anayesahau neno huongozwa na mizani, kina na maana hadi alipate. Jedwali la ngeli lililokaririwa halina viongozi hao.

Hitimisho

Ni bayana kwamba kujifunza ni kujenga, na kwamba jengo huhitaji muda, maana na mazoezi ya kukumbuka. Suala hili linawahusu sana wanafunzi wa Kiswahili kwa kuwa wengi wao watakuwa walimu. Mwalimu aliyefuzu kwa kukariri huelekea kufundisha kwa kukaririsha, na maradhi hayo huambukiza vizazi. Afadhali aanze na sentensi, awaache wanafunzi wagundue upatanisho wenyewe, awaulize tena baada ya siku kadhaa bila kuwaruhusu kutazama daftari, na ayachunguze makosa yao kabla ya kuyasahihisha. Hapo ndipo swali la kifaru litakapopata jibu hata baada ya mtihani kusahaulika.