Kazi za ONG Goma na Bukavu: njia ndefu kutoka dosie hadi mkataba

Anayeomba kazi ya ONG mjini Goma au Bukavu hapiti mlango mmoja. Kuna dosie, kuna mtihani wa maandishi, kuna mahojiano mbele ya watu watatu au wanne, na mara nyingine mahojiano ya pili na mkubwa aliye Kinshasa au Nairobi. Baada ya hapo wanapigiwa simu wale ambao mwombaji aliwataja kuwa wanamfahamu. Kati ya hatua moja na nyingine zinaweza kupita wiki nyingi bila neno lolote. Na si wote wanaoanguka njiani wasiojua kazi. Wengi wanaanguka kwa sababu kila hatua inauliza kitu chake, nao wanajibu zote kwa namna moja.

Mwaka 2025 ushindani uliongezeka. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai kazi za shirika lake la USAID zikafikia mwisho. Mwezi uleule wa Januari M23 iliingia Goma, na Februari ikaingia Bukavu. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa pia. Miradi mingi ilisimama na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Leo kijana aliyemaliza masomo ya biashara juzi tu anajikuta kwenye orodha moja na mtu aliyeshika stoo ya shirika kwa miaka kumi.

Hatua ya kwanza ndiyo inayoondoa watu wengi zaidi, na inawaondoa kimya kimya. Matangazo karibu yote yana sentensi ileile: watakaochaguliwa tu ndio watakaoitwa. Tangazo likidai namba ya kazi iandikwe kwenye kichwa cha barua pepe, anayesahau namba hiyo huenda asisomwe kabisa. Kadi ya mtafuta kazi ya ONEM, Ofisi ya Taifa ya Ajira, nayo inatajwa katika matangazo mengi, na vijana wengi wanaikimbilia siku mbili kabla ya muda kuisha. Kisha kuna CV moja inayotumwa kila mahali. Shirika linatafuta mhamasishaji wa jamii, CV inazungumzia hesabu.

Mtihani wa maandishi hauhitaji maneno mengi kuelezwa, ila mazoezi. Mtu wa fedha atapewa daftari la kasha na taarifa ya benki, aonyeshe kwa nini havilingani. Mtu wa lojistiki atapewa bei za wauzaji watatu, azilinganishe na kueleza chaguo lake. Mara nyingi kazi inafanywa kwenye kompyuta, kwa saa moja au mbili, na karatasi ina namba badala ya jina. Aliyejifunza Excel ubaoni bila kugusa mashine anaonekana mara moja. Ni hatua ngumu, lakini pengine ndiyo ya haki kuliko zote, maana hesabu haijui mtoto wa nani amekaa pale.

Mahojiano ni jambo lingine. Mbele ya mwombaji wanakaa mtu wa rasilimali watu, mkuu wa idara inayoajiri na mara nyingi mtu wa idara nyingine. Wanauliza maswali yaleyale kwa kila anayeingia na wanaandika alama. Kwa hiyo uso wao mkavu hauna maana kwamba mambo yameharibika. Wanaandika tu.

Katika Umoja wa Mataifa na katika ONG nyingi za kimataifa, maswali hayaulizi ungefanya nini, yanauliza ulifanya nini. Eleza siku ulipokosana na mwenzako wa kazi. Eleza kazi iliyotakiwa kumalizika haraka na namna ulivyoimaliza. Jibu linalopata alama lina hatua nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Hapa watu wa Kivu wana shida moja inayotokana na adabu nzuri ya nyumbani. Mtu aliyelelewa asijisifu atasema «tuligawa vyakula», «tulipanga orodha», «tulizungumza na wazee wa kijiji», mpaka mwisho. Jopo linabaki bila kujua yeye mwenyewe alifanya nini, na haliwezi kumpa alama kwa kazi ya kikundi kizima. Kusema «mimi niliandika orodha, mwenzangu akaikagua» si majivuno. Ni kujibu swali.

Asiyewahi kuajiriwa naye ana ya kueleza. Staji ya miezi mitatu, hesabu za likelemba la mtaa, kuandikisha familia za wakimbizi kanisani, kusimamia wachuuzi wa mama sokoni: vyote ni kazi, mradi kuwe na mfano kamili wenye mwanzo na mwisho. Swali la mshahara linaweza kuja mwishoni. Mashirika makubwa yana ngazi za mishahara zilizopangwa, kwa hiyo kuuliza kazi hiyo iko kwenye ngazi gani kunasaidia kuliko kutaja namba kwa kubahatisha.

Mahojiano ya mbali yana taabu zake. Umeme ukikatika au reso ikianguka katikati ya jibu, simu inarudi kwa sauti ya roboti. Inafaa kuomba mapema namba ya kupiga ikiwa mtandao utakatika, na kukaa mahali ambapo jenereta ya jirani haitafunika sauti.

Kuna pia mlango ambao hauandikwi kwenye tangazo. Mtu anapiga simu, anasema jina liko kwenye orodha lakini linahitaji «kusukumwa». Anadai dola, au anataka «opération retour», yaani sehemu ya mshahara irudi kwake kila mwezi. Umoja wa Mataifa unaandika wazi kwamba hautozi pesa katika hatua yoyote ya kuajiri. Wanawake wanaombwa mengine. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wanawake waliahidiwa kazi ili walale na wanaume wa timu za kupambana na ugonjwa. Tume huru iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti Septemba 2021 na kutambua watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wafanyakazi wa OMS. Tangu hapo mashirika mengi yanataja katika matangazo njia ya kutoa malalamiko. Namba hiyo iandikwe kando kabla ya mahojiano, pamoja na jina la kila anayepiga simu, saa na maneno yake.

Anayeshinda yote hayo bado ana karatasi za kusoma. Sheria ya kazi ya RDC, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka muda wa majaribio uandikwe. Hauwezi kupita mwezi mmoja kwa kibarua asiye na utaalamu, wala miezi sita kwa wengine. Mkataba wa muda maalumu hauwezi kupita miaka miwili, na kwa mtu aliye na ndoa anayefanya kazi mbali na familia yake kikomo ni mwaka mmoja. Anayeacha mke na watoto Goma kwenda kufanya kazi Masisi anahusika moja kwa moja. Kifungu hicho kinasomwa kabla ya kalamu kugusa karatasi, hata kama mtu wa rasilimali watu anatazama saa yake.