Ndege za vita vya zamani: kuzifanya mpya ao kuziacha na makovu yake?

Tarehe 10 mwezi wa sita 1916, ndege za Wabelgiji ziliangusha mabomu kwenye bandari ya Kigoma. Zilikuwa zinatafuta Graf von Goetzen, ile meli kubwa ya Wajerumani ambayo leo wasafiri wanaiita Liemba. Ndege hizo, aina ya Short 827, zilitua juu ya maji. Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne, zikaletwa kutoka pwani ya Atlantiki kwa treni na mashua za mto. Juu ya mawimbi ya Tanganyika, kituo chao kiliwekwa kwenye kaziwa kadogo ka Tungwe, upande wa Mtoa, kaskazini ya Kalemie. Mmoja wa marubani, Aimé Behaeghe, alikufa mwisho wa mwaka uleule huko Niemba.

Sasa mtu akiuliza aende wapi kuona moja ya ndege zile, jibu ni fupi: hakuna. Zilikuwa za mbao, waya na kitambaa, na vitu vya namna hiyo havidumu katika joto na unyevu wa huku.

Ndugu yake wa karibu ni Short 184. Zilitengenezwa zaidi ya 900. Kipande cha moja kiko Uingereza, katika makumbusho ya ndege za jeshi la maji huko Yeovilton. Siku kumi tu mbele ya mabomu ya Kigoma, rubani Frederick Rutland aliiendesha kwenye vita vya Jutland ili kuchungulia meli za Wajerumani. Kisha ikawekwa katika makumbusho moja ya London, na baadaye bomu likaivunja humo humo ndani. Imebaki sehemu ya mbele, imechakaa, na wenye kuitunza hawakuijenga upya.

Wageni wengine wanashangaa: mbona mafundi wapo, juu ya nini wasiimalize? Lakini ukiweka mbao mpya, kitambaa kipya na rangi mpya, unabaki na nini cha 1916? Umbo tu. Alama ya msumeno, gundi ya zamani, tundu la bomu, vyote hivyo ni ushahidi, na ukishapigwa msasa haurudi tena.

Katika makumbusho ile ile kuna ndege nyingine, Corsair KD431, ambayo ilikuwa imepakwa rangi upya mwaka 1963 ili ipendeze. Miaka mingi baadaye mafundi walitoa ile rangi ya juu polepole, kidogo kidogo, mpaka ikaonekana rangi ya 1944 chini yake. Bahati yao, waliopaka hawakukwangua kwanza!

Hata hivyo, kukarabati si kosa kila mara. Liemba yenyewe ni mfano. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wamepaka motere mafuta mazito zisile kutu. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927. Miaka ya 1970 masini yake ya mvuke ilitolewa, ikawekwa ya dizeli. Hapo mwanahistoria atalia, lakini mama mwenye magunia ya dagaa anataka kufika. Meli inayobeba watu lazima itengenezwe. Ndege ambayo haitaruka tena haina sababu hiyo. Mwenye kutaka watoto waone ginsi ilivyokuwa, atengeneze mfano mpya na auandike wazi kwamba ni mfano, kisha ile ya kweli iachwe ilivyo, mahali pakavu.

Huku kwetu swali linakuja kwa njia nyingine, maana chuma cha zamani kinaishia kwa wanunuzi wa vyuma, kwa kilo. Mkaaji akikuta kipande cha kitu cha zamani shambani ao kando ya ziwa, asikioshe, asikipake rangi, asikisugue. Apige picha pale pale kilipolala, aandike jina la mahali, na ajulishe chefu wa mtaa. Na kama kinafanana na bomu ao risasi, hata kama kina kutu ya miaka mia, asikiguse kabisa: awaondoe watoto, aweke alama kwa mbali, na aite wakubwa wa serikali.