Mtoto Mkimbizi Aliyekuja Kuwa Mhandisi

Mama mwenzangu, mtoto akitoka usaha sikioni, wengi husema, "Utakauka wenyewe." Hapa Nkuhungu nimeyasikia hayo mara nyingi. Ndiyo maana nataka tumtazame Andrew Grove.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1936, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa na miaka minne aliugua homa nyekundu, ugonjwa wa koo na vipele ambao huweza kufika hadi masikioni. Alinusurika kufa, lakini usikivu ukapungua sana. Mwaka 1944 Wajerumani walipoiteka nchi, baba alikuwa amekwisha kuchukuliwa kwa kazi za shokoa. Mama akabadili majina, akajificha na mwanawe kwa marafiki. Baba alirudi vita vilipokwisha.

Nchi ilipochafuka tena mwaka 1956, kijana huyo wa miaka 20 alivuka mpaka kwenda Austria, na mwaka uliofuata akafika Marekani. Chuo cha City College, New York, wakati huo hakikutoza ada. Akasomea uhandisi wa kemikali, huku akihangaika kuwasikia walimu, akahitimu mwaka 1960. Katika kibarua cha hotelini alikutana na Eva, mkimbizi mwenzake aliyezaliwa Austria. Walioana mwaka 1958.

Mwaka 1968 alijiunga na kampuni changa ya Intel. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ilitoa ubongo mzima wa kompyuta katika kipande kidogo kama ukucha. Waliokibuni ni wenzake. Yeye alisimamia uzalishaji: kila kipande kitoke sawa na kilichotangulia, na punje ya vumbi huweza kukiharibu. Kwangu mimi hiyo si kazi ndogo kuliko kubuni. Muulize aliyewahi kupikia watu mia mbili harusini! Leo vipande vya jinsi hiyo ndivyo huongoza mitambo inayojiendesha viwandani, hujaza chupa, hupima joto na kuzima mashine yenye hitilafu.

Grove alirudishiwa usikivu kwa upasuaji ukubwani. Sisi tusingoje ukubwa. Kausha usaha kwa kitambaa safi, usitie mafuta wala maziwa, mpeleke mtoto zahanati. Na kama darasani kwao yuko mtoto mgeni, wa Nyarugusu au wa popote, anayekaa kimya tu, apimwe masikio kabla hajaitwa mjinga.

Mwaka 2005 Grove alikipa chuo chake dola milioni 26. Alifariki mwaka 2016.