Mughal-e-Azam: Lipi la Kweli, Lipi la Kuzuliwa?

Filamu ya Mughal-e-Azam, iliyoongozwa na K. Asif, ilianza kuonyeshwa Agosti 1960. Mwanamfalme Salim anampenda Anarkali, kijakazi mcheza ngoma wa kasri. Baba yake, Mfalme Akbar, anakataa katakata, na baba na mwana wanaingia vitani. Kwa watazamaji wengi hiyo ndiyo historia ya Wamughal, nasaba iliyotawala India. Naienzi sana kazi hii, na ndiyo maana nataka isifiwe kwa ilichokifanya kweli. Tuyapime madai sita.

Salim alimwasi baba yake. KWELI.
Mwaka 1600 Salim aliasi, akajiwekea utawala wake Allahabad. Mwaka 1602 aliagiza kuuawa kwa Abul Fazl, mwandishi wa historia na msiri wa Akbar. Alichokitaka ni kiti cha enzi: alikuwa amevuka miaka 30, na baba yake alikuwa madarakani tangu 1556. Vita vikubwa tunavyoviona kwenye filamu havikutokea. Akbar alipoanza safari ya kumwendea mwanawe mwaka 1604, alirudi njiani kwa ugonjwa wa mama yake. Wawili hao wakapatana, na Akbar alipofariki 1605 Salim akatawala kwa jina la Jahangir.

Anarkali alijengewa ukutani akiwa hai kwa amri ya Akbar. HAKUNA USHAHIDI.
Akbarnama, kitabu cha historia ya utawala wa Akbar, hakimtaji. Jahangir aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, naye hamtaji. Miongoni mwa wa kwanza kuandika kisa hiki ni William Finch, mfanyabiashara Mwingereza aliyefika Lahore mwaka 1611; lakini mwanamke anayemsimulia ni mmoja wa wake za Akbar. Lahore lipo kaburi linaloitwa la Anarkali, na wanahistoria bado wanabishana ni nani aliyezikwa humo. Kisa kama filamu inavyokijua kilitoka kwenye tamthilia ya Imtiaz Ali Taj, iliyoandikwa mwaka 1922.

Mama yake Salim aliitwa Jodha. SI KWELI.
Maandishi ya zama zake yanampa cheo cha Mariam-uz-Zamani. Alikuwa binti wa mtawala wa Amber. Jina la Jodha, au Jodh Bai, linahusishwa zaidi na mke wa Jahangir aliyetoka Jodhpur.

Mwisho wa filamu Anarkali anakufa. SI KWELI.
Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata walioitazama mara nyingi. Zamani Akbar alimwahidi mama yake Anarkali, aliyemletea habari za kuzaliwa kwa Salim, kwamba siku moja atampa chochote atakachoomba. Anarkali anapohukumiwa kujengewa ukutani, mama anakuja kudai ahadi hiyo. Mfalme anawapitisha mama na binti kwenye njia ya siri chini ya ukuta, kwa sharti kwamba Salim asijue kamwe kuwa mpenzi wake yu hai. Akbar anaitii sheria yake na ahadi yake kwa pamoja, na gharama yote anailipa mwanawe. Anayesema Anarkali alikufa ukutani amelikosa fumbo lenyewe la filamu.

Filamu ilipigwa yote kwa rangi. SI KWELI.
Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi na nyeupe. Vipande vichache tu, ukiwemo ule wa ngoma katika ukumbi wa vioo, vilipigwa kwa rangi. Toleo lenye rangi mwanzo hadi mwisho lilitoka mwaka 2004, miaka 33 baada ya K. Asif kufariki.

Dilip Kumar (Salim) na Madhubala (Anarkali) walikuwa wakipendana kweli walipoigiza. NUSU KWELI.
Walipendana, lakini kazi ilichukua miaka mingi na penzi likavunjika kabla haijamalizika. Dilip Kumar aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba walipopiga kipande mashuhuri ambamo Salim anamgusa Anarkali usoni kwa unyoya walikuwa hawasalimiani. Madhubala naye alikuwa na ugonjwa wa moyo, uliomuua mwaka 1969 akiwa na miaka 36. Kwa hiyo anayesema wawili hao waling'ara kwa sababu walikuwa wapenzi anawanyima haki yao. Mahaba yale tunayoyaona ni kazi ya waigizaji wawili waliokijua kipaji chao, na sifa ni yao.