Sindano ya Mgongo: Yaweza Nini, Haiwezi Nini?

Mtu akishikwa na maumivu ya mgongo, jamaa yake yote huteseka pamoja naye. Baba hashiki jembe, mama hawezi kuinama kuchota maji, na watoto huacha masomo ili kuwasaidia. Ndiyo maana wengi, wakisikia kwamba kuna sindano ipigwayo mgongoni au shingoni na kutuliza maumivu, huwa tayari kuuza mbuzi, hata shamba, ili waipate. Wasomaji wapenzi, kabla ya kuuza kitu, tuichunguze kwanza sindano hiyo.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mifupa, na kati ya pingili na pingili mna kitu laini kama mto mdogo, kiitwacho diski. Mwaka 1934 waganga wawili wa Marekani, Mixter na Barr, walionyesha kwamba diski ikipasuka huweza kutokeza na kuubana mshipa wa fahamu. Hapo maumivu hushuka toka kiunoni hata mguuni. Yakianzia shingoni, hushuka mkononi.

Dawa iliyomo katika sindano ni ya jamii ya kortizoni. Mganga Philip Hench na wenzake waliijaribu kwa mgonjwa wa viungo mwaka 1948, huko Rochester katika Marekani, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein walipewa tuzo ya Nobel. Kazi yake ni kutuliza uvimbe. Mganga husafisha ngozi na kutia ganzi. Kisha, akiongozwa na mashine ya picha, huiweka dawa nje kidogo ya utando unaofunika mishipa ya fahamu.

Je, sindano hii huponya? Hapana, hairudishi diski mahali pake. Kwa mtu ambaye maumivu yake yashuka mguuni, huweza kuyapunguza kidogo kwa majuma kadhaa, wakati mwili unapojitengeneza wenyewe, maana wengi hupona bila kupasuliwa. Kwa maumivu yakaayo mgongoni tu, faida yake ni haba. Mwaka 2014 waganga wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 400 ambao njia ya mishipa mgongoni mwao imekuwa nyembamba. Baada ya majuma sita, waliopewa ganzi pamoja na kortizoni hawakuwapita kwa nafuu ya maana wale waliopewa ganzi tupu.

Tena hatari zipo. Mwaka 2012, katika Marekani hiyohiyo, dawa ya kiwanda kimoja cha Massachusetts iliingiwa na kuvu. Watu zaidi ya 700 waliugua, na zaidi ya 60 walikufa. Sindano ya shingoni yataka uangalifu kupita zote, kwa kuwa ajali, ingawa ni chache, zaweza kupoozesha mwili. Na mwenye ugonjwa wa sukari ajue kwamba dawa hii huipandisha sukari yake.

Kwetu Kongo kuna jambo jingine kubwa. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huweza kula hata mifupa ya mgongo. Mtu anayeumwa mgongo huku akikonda, akipata homa na kutoka jasho usiku, apimwe kwanza ugonjwa huo, maana kortizoni hupunguza nguvu ya mwili ya kujikinga. Naye ambaye miguu yake yalegea, au asiyeweza kuzuia mkojo, asingoje sindano: apelekwe hospitali siku ileile.

Basi, wazazi na vijana, tusiikatae sindano kwa woga, wala tusiikimbilie kama muujiza. Tumwulize mganga: «Ugonjwa wangu ni upi? Nafuu itadumu muda gani? Dawa ni safi?» Kuuliza si utovu wa heshima. Mganga mwema hufurahi kuulizwa, na mbuzi hubaki zizini mpaka jibu lipatikane.