Kigezo cha Lugha katika Uteuzi wa Programu za Kusakinishwa Awali kwenye Seva: Mfano wa Kimatengo

Makala haya yanafafanua namna ya kuamua programu zipi zisakinishwe awali katika taswira ya mfumo endeshi wa seva. Kanuni iliyozoeleka ni kupunguza, kwani kila kifurushi huongeza ukubwa na mianya ya kiusalama. Kwa hiyo, taswira ndogo za Linux mara nyingi huacha data za lugha, zikiwamo za sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Uamuzi huo unaigusa leksikografia. Kimatengo cha Mbinga kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Mtafiti anayezibainisha kwa herufi kama ɛ na ɔ akitegemea mpangilio wa C.UTF-8, herufi zake zitahifadhiwa salama, lakini zitapangwa kwa namba za msimbo: vidahizo vyenye kuanza na ɛ vitafuata z. Data za sw_TZ huiweka ɛ jirani na e. Aidha, faharasa ya hifadhidata hujengwa kwa mpangilio uliopo. Ukibadilishwa, sharti ijengwe upya. Hivyo basi, kihariri matini chaweza kusubiri, lakini data za lugha zisakinishwe kabla ya kidahizo cha kwanza kuingizwa.